Kuku hana kosa, tibuni banda

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu mpaka baadhi yenu mkaanza kuuliza kwenye simu kama kompyuta imekufa au mimi ndiye nimekufa. Sijafa. Nilikuwa vitani. Vita yenyewe ilipiganwa nyuma ya nyumba, usiku, na adui alikuwa mdogo kuliko punje ya ulezi.

Leo nataka kuzungumzia utitiri. Ndiyo, utitiri wa kuku! Nasema mapema ili wale wanaokuja hapa kutafuta picha za theluji wasilalamike. Ninaandika kwa sababu mdogo wangu ameniletea ujumbe akiomba hela ya dawa, nami nimemkatalia. Mama anajua kwamba nimekataa, ila hajui kwa nini. Sasa mdogo wangu, msomee Mama haya yote, hata pale ninapokusema wewe. Na hasa pale ninapojisema mimi.

Nianze na kuku wangu wa hapa Leicester. Wengi mkisikia Uingereza mnadhani watu wote tunaishi ghorofani. Nyumba ninayokaa iko kwenye safu ndefu ya nyumba zilizoshikana, lakini kila moja ina kiuwanja nyuma. Aprili 2024 nilichukua mitetea sita kutoka kwa watu wanaookoa kuku wa mashamba makubwa. Huko shambani mtetea akifikisha kama mwaka mmoja na nusu, mayai yakianza kupungua, safari yake ni machinjioni. Hawa jamaa wanawachukua na kuwagawa kwa watu kama mimi. Jogoo sina, maana majirani wa hapa hawaamshwi na jogoo wakanyamaza.

Msicheke, lakini ufugaji wa hapa una sheria zake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mtu yeyote wa England anayefuga kuku, hata mmoja, lazima ajiandikishe serikalini. Na huruhusiwi kuwapa kuku makombo ya jikoni. Ule ukoko wa ugali ambao Mama anawatupia kuku kila asubuhi, hapa ni kosa la jinai! Nilipomweleza Mama alikaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Sasa hao kuku wamewakosea nini?"

Basi mambo yalikwenda vizuri. Mayai matano kwa siku, wakati mwingine sita. Kuna mmoja nilimwita Mama Ntilie kwa sababu hakuwahi kuondoka kwenye sahani. Yeye alikuwa wa kwanza kunifuata kila nilipofungua mlango wa nyuma.

Kikaja kiangazi cha 2025. Idara ya hali ya hewa ya hapa ilitangaza kwamba ndicho kiangazi chenye joto kuliko vyote tangu Uingereza ilipoanza kuweka kumbukumbu hizo. Sisi tuliotoka Singida tulifurahi, tukatoa kanga na msuli. Kumbe na wengine walifurahi pia.

Mwezi wa nane kuku wangu walianza kugoma kuingia bandani jioni. Giza linaingia, wao wamejipanga juu ya uzio. Nikadhani ni harufu ya mbweha, maana mbweha wa mji huu wanatembea barabarani kama mbwa. Nikawa nawakamata mmoja mmoja na kuwasukumia ndani, nawafungia mlango, nalala nikiwa na amani. Jamani, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kuku alikuwa ananiambia kwa lugha yake yote kwamba humo ndani hakulaliki, na mimi namfungia.

Mayai yakashuka mpaka mawili. Upanga wa kichwani ukapauka, ule wekundu ukawa rangi ya nyama iliyochemshwa. Nikanunua vitamini. Nikabadilisha chakula. Mimi mwenyewe nikaanza kuwashwa mikono kila nikitoka kuokota mayai, nikapaka mafuta na kulaumu sabuni. Siku moja nikaona yai lina vidoa vidogo vya damu juu ya ganda, kama mtu amelidonoa na kalamu nyekundu. Nikalifuta, nikalikaanga.

Asubuhi moja nikamkuta Mama Ntilie amekufa kwenye kiota. Nilipomwinua alikuwa mwepesi kama tenga tupu.

Nina jirani, mzee wa Kiingereza, amefuga kuku tangu utotoni. Nikamweleza ng'ambo ya uzio. Hakuuliza kuhusu chakula wala mbweha. Aliuliza swali moja: umewahi kwenda bandani usiku? Akaniambia niende saa tano usiku na tochi na karatasi nyeupe ya jikoni, niipitishe chini ya fito wanayolalia kuku.

Nikaenda. Nikapitisha karatasi. Ilitoka na michirizi myekundu kama nimefuta kidonda. Nikamulika tochi. Fito ilikuwa inatembea! Miguuni mwa kuku, kwenye nyufa za ukuta, kila mahali vijidudu vyekundu vinapanda na kushuka. Ile damu ilikuwa ya kuku wangu. Ilikuwa ya Mama Ntilie.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye somo. Utitiri huu mwekundu haukai juu ya kuku. Mchana ukimkamata kuku, ukamfunua manyoya yote, unaweza usione hata mmoja. Mchana unalala kwenye nyufa za mbao, kwenye maungio, chini ya ncha za fito, na mahali ulipojazana utaona vumbi la kijivu kama jivu la sigara. Usiku unatoka, unapanda kwa kuku, unanyonya damu saa moja hivi au zaidi kidogo, unarudi kwenye ufa wake. Mdudu mmoja ni kama milimita moja tu. Akiwa na njaa ni mweupe au wa kijivu, akishiba ni mwekundu.

Kukiwa na joto, yai la utitiri linaweza kuwa mdudu kamili ndani ya siku saba tu. Na usidhani ukiliacha banda tupu mwezi mmoja utakufa njaa. Mtu mzima wa utitiri anaweza kukaa miezi minane bila kunywa damu, anakungoja! Mwanzo wake mara nyingi ni ndege wa porini wanaotua bandani, au kuku mgeni, au tenga lililokopwa.

Mimi nilifanya nini? Nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya. Nilikimbilia dukani kununua dawa ya kupulizia, nikawapulizia kuku. Mchana! Yaani adui amelala ndani ya mbao, mimi nampiga risasi mtu aliyeibiwa. Kwa siku tatu nikaona nafuu, siku ya nane ukarudi ule ule. Nikanunua dawa nyingine. Nilitumia kama pauni 60 kwa namna hiyo, na kuku walizidi kunyong'onyea.

Mwishowe nikachukua bisibisi, Jumamosi moja, nikalivunja banda lote ubao kwa ubao. Paa lake lilikuwa na karatasi ya lami juu ya mbao. Nilipoibandua karatasi ile... wandugu, sikuwahi kuona kitu kama kile. Ubao wote ulikuwa mwekundu na unachezacheza. Tunaposema utitiri wa vyama, utitiri wa kodi, utitiri wa makanisa, nilidhani ni maneno tu ya magazetini. Siku hiyo nikajua aliyeanzisha msemo huo alikuwa amefunua paa la banda la kuku.

Karatasi ya lami niliitupa. Mbao nikaziosha kwa maji ya kasi, zikakauka, halafu nikapitisha mashine ya mvuke kila mwanya, maana joto kali linaua mpaka mayai yao. Nyufa nikaziziba. Fito nikazitengeneza upya ziwe za kuchomoa. Kwenye maungio nikapaka unga mweupe wa daiatomu, yaani mabaki ya vijimea vidogo vya majini vilivyokufa zamani sana. Ule unga hauna sumu, unamkausha mdudu mpaka anakufa. Lakini usiuvute puani, mimi nilifunga kitambaa usoni. Kila baada ya siku tano au sita nilirudia, ili waliokuwa mayai nao niwakute kabla hawajataga. Wiki ya nne karatasi nyeupe ilitoka nyeupe. Kuku wakaanza kuingia bandani wenyewe jioni. Nilisimama mlangoni nikiwatazama kama mzazi aliyepeleka mtoto shule.

Sasa nije nyumbani.

Mdogo wangu alinitumia picha kwenye WhatsApp. Banda la Mama, lile la mbao na mabati. Kwenye picha moja ameshika fito mchana, ameigeuza, na ncha yake imejaa vumbi la kijivu na vidoa vyekundu. Anasema kuku wamepauka, wawili waliokuwa wanaatamia wameacha mayai na kukimbia, vifaranga wanne wamekufa. Anasema amewafunua manyoya mchana hakuona kitu. Maelezo ni yale yale, kama ameyanakili kutoka Leicester! Halafu anaomba hela anunue dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe, achanganye kwenye ndoo na kuwachovya kuku wote. Anasema jirani alifanya hivyo na wadudu wakaisha.

Mdogo wangu, nimekataa, na sababu si ubahili. Dawa ya ng'ombe imepimwa kwa ng'ombe. Kuku ana uzito mdogo, ngozi laini, na anajidonoa manyoya siku nzima, kwa hiyo anaimeza. Halafu anataga. Lile yai analiuza Mama pale njiani kwa wale wale tunaosali nao na kuzikana nao. Analikaanga na mjukuu wake. Na wewe mwenyewe mikono yako imo kwenye ndoo.

Msidhani ni washamba peke yao wanaofanya haya. Mwaka 2017 Ulaya nzima iliingia aibu. Uholanzi na Ubelgiji waligundua kwamba mabanda mengi makubwa yalikuwa yamesafishwa kwa dawa ya kuua utitiri huu huu, dawa iliyosifiwa kuwa ni ya mimea, kumbe imechanganywa na fipronili. Fipronili ni sumu ya kuua kupe na viroboto wa mbwa na paka, na kwa wanyama wanaoliwa hairuhusiwi huku. Ilipita kwenye kuku ikatokea kwenye mayai. Mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani, mengine yalishafika mpaka hapa Uingereza. Hao ni watu wenye maabara na wakaguzi kila kona! Walitaka njia ya mkato kama wewe, na kama mimi na dawa zangu za pauni 60.

Sasa sehemu ngumu. Mama, hii ni yako.

Wakubwa mnalikumbuka banda la zamani la Mama. Lilikuwa la miti na udongo. Kila kabla ya mvua alikuwa akilikandika upya, anachanganya udongo na jivu, anapitisha kiganja kila mahali mpaka ukuta unakuwa laini kama chungu. Kuku akishaangua, majani ya kiota yalikuwa yanachomwa siku hiyo hiyo. Fito alikuwa anazitoa na kuzianika juani. Kwenye kona kulikuwa na shimo la jivu, kuku wanaogea. Sisi watoto tulitumwa kuleta maji na udongo, tukinung'unika.

Mwaka 2022 nilituma hela lijengwe banda jipya. Nilimpelekea fundi picha ya banda la Kizungu, la mbao, zuri kweli. Mama alisema lile la zamani linatosha, linahitaji kukandikwa tu. Mimi nikamjibu kwenye simu, na nakumbuka maneno yangu, "Mama, kukandika ni mambo ya kizamani." Hela niliyotuma haikutosha mbao safi, fundi akatumia mabanzi, yale yenye magamba ya mti bado. Kila banzi lina nyufa mia. Fito zikapigiliwa misumari ukutani, hazitoki. Kwa maneno mengine, nilimjengea Mama kuku wake nyumba ndogo, na utitiri nikaujengea jiji.

Siku ile nilipokuwa nimeshika ubao mwekundu, nikasoma na maelekezo ya madaktari wa mifugo wa hapa, nikaona wanasema: ziba nyufa, toa fito, ondoa matandazo ya zamani, wape kuku mahali pa kuogea vumbi. Nikasema, lakini haya si ya Mama? Alikuwa anayafanya kabla sijajua kusoma. Mimi niliyesoma ndiye niliyemwambia aache. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema, na mimi nimejenga ukuta mara mbili, Leicester na Iramba. Mama, naomba radhi. Nilitaka kukuambia kwenye simu nikashindwa, ndiyo maana nimeandika mbele ya watu wote.

Sasa msimamo wangu ni huu, na anayepinga apinge. Dawa siikatai. Ipo hata dawa iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2017, inachanganywa kwenye maji ya kunywa ya kuku mara mbili kwa kupishana siku saba, utitiri ukinyonya damu unakufa. Lakini ni ya cheti cha daktari, imepimwa kwa kuku, na mayai yake yamepimwa. Huko nyumbani pia kuna dawa za kuku. Mwulizeni afisa mifugo wa kata ni ipi iliyosajiliwa kwa kuku wa mayai na ikae siku ngapi kabla yai halijaliwa. Ninachokataa ni kufanya dawa iwe jibu la kwanza wakati banda ni lile lile. Dawa nzuri kuliko zote ukiiweka kwenye banda lenye nyufa mia, mwakani utainunua tena.

Mdogo wangu utasema, wewe una mashine ya mvuke, sisi hatuna. Kweli. Lakini una vitu vingine, na hela hii nimeshaituma leo asubuhi, ya kazi ifuatayo:

Kwanza, usiku wa leo nenda na tochi na kitambaa cheupe uhakikishe. Maana wapo utitiri wengine wanaokaa juu ya kuku mchana kutwa, na viroboto wanaojazana usoni, hao dawa yao ni nyingine. Na si kila kuku anayekufa ameuawa na utitiri, mdondo nao upo, chanjo isisahaulike.

Pili, kuku walale kwingine siku chache, hata jikoni kwa Mama akikubali. Toa matandazo na viota vyote, choma mbali na nyumba. Ng'oa fito zote. Mabanzi yenye magamba, bandua magamba yote uchome.

Tatu, maji yanayochemka kila ufa. Usitumie mwenge wa moto! Mama aliupitisha kwenye ukuta wa udongo, wewe ukiupitisha kwenye mbao utaunguza banda na nyumba.

Nne, Mama akukandike... samahani, Mama akufundishe kukandika. Ziba kila mwanya kwa udongo, ukikauka paka chokaa ndani yote. Yeye akae kwenye kiti aelekeze, asishike tope, mgongo wake tunaujua.

Tano, fito mpya ziwe laini, zisiguse ukuta, zikae juu ya vigingi, na kila kigingi kisimame ndani ya kopo lenye mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika. Utitiri hauruki, unatembea. Ukikuta mafuta njiani haupiti.

Sita, rudia maji ya moto kwenye fito na viota kila baada ya siku tano, mara nne. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, maana baada ya mara ya kwanza unaona umeshinda. Hujashinda.

Na shimo la jivu lirudi kwenye kona yake. Jivu lipoe kwanza.

Matenga yale unayokopeshana na wenzako siku za mnada, yamwagie maji ya moto kabla hayajaingia uani. Usipofanya hivyo, kazi yote hii ni bure.

Najua wengine mtasema huyu amekwenda Ulaya kubeba maboksi, sasa anatufundisha kufuga kuku, watu wa Singida! Mna haki. Lakini mimi sifundishi kitu kipya. Nawarudishia kitu cha kwetu ambacho nilikidharau, na kimenigharimu kuku mmoja huku na vifaranga wanne huko.

Mwenye ujuzi zaidi aandike hapo chini, hasa shangazi yangu wa Kiomboi ambaye namjua hakosi neno. Mdogo wangu, nasubiri picha ya kitambaa cheupe. Na Mama ukishasomewa, nipigie, usiogope salio, kata nitapiga mimi.

Nawapenda wote. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.